Vilainishi vya baiskeli visivyodhuru mazingira

Vilainishi vya baiskeli visivyodhuru mazingira ni mafuta, grisi na nta zinazotumika kupunguza msuguano katika mnyororo, gololi na sehemu nyingine za baiskeli zinazojongea, na ambazo zikidondoka au kuoshwa na mvua huozeshwa na bakteria na kuvu kwa muda mfupi bila kuacha sumu katika udongo na maji. Vingi kati yake hutokana na mafuta ya mimea, nta ya nyuki, au kemikali zinazoundwa kutokana na mafuta hayo.

Vilainishi hivyo hutofautishwa na vile vya kawaida vinavyotokana na mafuta ghafi ya ardhini, na zaidi na oili chafu, yaani oili iliyokwisha kutumika katika injini za magari, pikipiki na mashine za kusaga. Oili chafu hupatikana bure au kwa bei ndogo, kwa hiyo katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki ndiyo inayopakwa kwenye minyororo ya baiskeli.

Makala hii inaeleza suala hilo kwa jumla na kwa kutazama mazingira ya kata ya Kapalamsenga, iliyoko katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, Tanzania.

Kazi ya kilainishi katika baiskeli

Baiskeli ina sehemu chache zinazohitaji kulainishwa: mnyororo, gololi za magurudumu, za pedeli, za krenki na za usukani, pamoja na meno ya ndani ya gurudumu la nyuma yanayoliwezesha kuzunguka wakati pedeli zimetulia (friwili).

Mnyororo ndio unaotumia mafuta mengi. Umeundwa kwa pingili, na kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bomba dogo la chuma, na juu ya bomba hilo kuna rola. Umbali kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Baiskeli ya mizigo isiyo na gia huwa na pingili zipatazo 110. Chuma husuguana na chuma kati ya pini na bomba lake, mahali pasipoonekana kwa macho. Mafuta yanayobaki nje ya mnyororo hayapunguzi msuguano. Kazi yake pekee ni kuzuia kutu, na hasara yake ni kunasa vumbi.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, wakiongozwa na James Spicer, walipima nguvu inayopotea katika mnyororo wa baiskeli. Waligundua kwamba mnyororo unaweza kufikisha kwenye gurudumu hadi asilimia 98.6 ya nguvu ya mwendeshaji, na kwamba katika maabara safi aina ya kilainishi haikuleta tofauti kubwa. Barabarani hali ni nyingine, kwa sababu kuna mchanga, vumbi na maji. Huko faida kubwa ya kilainishi ni kuchelewesha kulika kwa pini na kuzuia kutu.

Pini zikilika, mnyororo hurefuka. Kwa mnyororo mpya, umbali wa pingili 24 ni milimita 304.8. Ukifika milimita 308 umerefuka kwa takriban asilimia 1, na hapo huanza kula meno ya sahani ya mbele na ya friwili. Fundi mwenye rula ya kawaida anaweza kupima jambo hilo bila kifaa kingine.

Historia

Kabla ya mafuta ya ardhini kupatikana kwa wingi, ekseli za mikokoteni na mashine zililainishwa kwa shahamu ya wanyama na mafuta ya mimea. Hali ilibadilika baada ya mwaka 1859, Edwin Drake alipochimba kisima cha mafuta huko Pennsylvania, Marekani. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 vilainishi vya petroli vilikuwa vimeanza kuchukua nafasi ya vile vya zamani, kwa kuwa vilikuwa rahisi na havikuchacha.

Baiskeli ya kisasa ilizaliwa katika kipindi hichohicho. Mnyororo wa rola ulibuniwa na Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880, na mwaka 1885 John Kemp Starley alitengeneza baiskeli ya Rover yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Kwa hiyo mnyororo wa baiskeli ulikua pamoja na mafuta ya petroli, na mazoea hayo yamedumu.

Hata hivyo mafuta ya mimea hayakutoweka kabisa. Injini za ndege nyingi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Jina la kampuni ya Castrol, iliyoanzishwa na Charles Wakefield mwaka 1899, linatokana na neno la Kiingereza la mafuta hayo.

Kuanzia miaka ya 1980 nchi kadhaa za Ulaya zilianza kutazama upya vilainishi ambavyo kwa kawaida yao humwagika vyote ardhini. Mfano mmoja ulikuwa mafuta ya misumeno ya minyororo inayotumika msituni: Austria ilipiga marufuku mafuta ya misumeno yasiyooza mwaka 1992. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulianza kutoa alama yake ya mazingira kwa vilainishi. Mnyororo wa baiskeli uko katika kundi hilohilo, kwani hauna tangi linalohifadhi mafuta: yote yanayopakwa hudondoka, hupukutika pamoja na vumbi, au hufutwa kwa kitambaa.

Madhara ya oili chafu

Oili ya injini inapotumika hubadilika. Hukusanya masizi, chembe za chuma zilizomomonyoka kutoka kwenye injini, petroli isiyoungua, maji na asidi. Ndani yake hupatikana metali kama zinki, shaba, kromi na risasi, pamoja na hidrokaboni zenye pete nyingi zinazotokana na kuungua kwa mafuta. Kiasi cha risasi kilipungua baada ya nchi za Afrika kusini kwa Sahara kuacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, lakini vitu vingine bado vimo.

Katika baiskeli yenyewe

Chembe za chuma na masizi ni kama msasa laini. Zikiingia kati ya pini na bomba hulisaga chuma badala ya kulilinda, na asidi iliyomo huchochea kutu. Oili hiyo pia ni nzito na hunata vumbi, hivyo mnyororo hugeuka mweusi na mgumu baada ya siku chache. Mwenye baiskeli huongeza nyingine juu yake akidhani mnyororo umekauka. Kwa njia hiyo kitu kilichopatikana bure huishia kugharimu mnyororo, sahani na friwili.

Katika afya

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon nchini Ufaransa, limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa au yaliyosafishwa kidogo katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Oili iliyotumika huhesabiwa kuwa hatari zaidi kwa ngozi kuliko oili mpya, kwa sababu ya hidrokaboni zinazoongezeka ndani ya injini. Anayehusika zaidi ni fundi baiskeli, ambaye mikono yake hugusa oili kila siku kwa miaka mingi, na mara nyingi huinawa kwa petroli au mafuta ya taa. Vimiminika hivyo huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuifanya ipasuke. Hatari nyingine isiyotazamwa ni kitambaa chenye oili kinachowekwa mfukoni, kwani hugusa mwili kwa saa nyingi.

Katika maji na udongo

Oili haiyeyuki katika maji bali hutanda juu yake kama utando mwembamba sana. Utando huo huzuia hewa kuingia majini na huua wadudu na mayai ya samaki. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani hueleza kwamba oili inayotolewa katika gari moja inapobadilishwa inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, ambazo ni takriban lita milioni 3.8. Katika udongo, oili huziba nafasi za hewa, na metali zilizomo hubaki hata baada ya sehemu ya mafuta kuoza.

Ikilinganishwa na gari, baiskeli moja hutumia mafuta kidogo mno. Hatari hutokea pale baiskeli nyingi zinapotengenezwa mahali pamoja kwa miaka mingi, kama chini ya mti uleule sokoni au kando ya kisima. Ardhi ya mahali hapo hupokea oili, mafuta ya taa ya kuoshea na vumbi la metali bila kupumzika.

Hali katika Kapalamsenga na Mkoa wa Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Wenyeji wake ni pamoja na Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Watongwe, na kuna wahamiaji wengi, wakiwemo Wasukuma. Wakazi wengi ni wakulima wa mahindi, mpunga, karanga, alizeti, ufuta na tumbaku. Kapalamsenga yenyewe inajulikana pia kwa madini ya shaba.

Katika kata za namna hiyo baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba magunia ya mahindi, madumu ya maji, mkaa, kuni na abiria. Aina inayoonekana sana ni ile ya fremu nzito ya chuma isiyo na gia, kama Phoenix inayotengenezwa Shanghai, China. Mzigo mkubwa huongeza nguvu inayovuta mnyororo, na kwa hiyo huongeza haja ya kilainishi kizuri.

Kuenea kwa bodaboda kumeleta badiliko moja. Injini ndogo ya pikipiki huhitaji takriban lita moja ya oili kila inapobadilishwa, hivyo oili chafu ambayo zamani ilipatikana mijini kwenye gereji sasa hupatikana hata katika vijiji vya mbali. Hupakwa kwenye minyororo, na pia kwenye nguzo na mbao ili kuzuia mchwa.

Hali ya hewa ya mkoa ina majira mawili. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi huanza Mei hadi Oktoba. Wakati wa kiangazi barabara za udongo hutoa vumbi jingi linalonata kwenye mafuta. Wakati wa masika matope na madimbwi huosha mafuta kutoka kwenye mnyororo na kuyapeleka mitoni.

Mito ya mkoa huelekea pande mbili. Baadhi huingia Ziwa Tanganyika, na mingine, kama Mto Katuma unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, huelekea Ziwa Rukwa. Maziwa yote mawili huathirika kirahisi na uchafu unaodumu:

• Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi na kina cha takriban mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina. Maji yake hukaa ziwani kwa karne kadhaa kabla ya kutoka. Lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine duniani, pamoja na dagaa na migebuka wanaolisha wakazi wa mwambao.

• Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa kuwa mvuke tu, na kitu kisichooza kikiingia hubaki humo.

Katika kiangazi Mto Katuma hupungua hadi kuwa madimbwi ambamo viboko na mamba hujazana. Wakati huo kiasi kidogo cha uchafu hukutana na maji machache.

Namna ya kutambua kilainishi kinachooza

Neno "asilia" au "kijani" kwenye chupa halitoshi kuthibitisha kwamba kilainishi hakidhuru. Vipimo vinavyokubalika huangalia mambo matatu: kasi ya kuoza, sumu kwa viumbe wa majini, na kama kitu hujilimbikiza katika miili ya viumbe.

Kwa kuoza, kipimo kinachotumika sana ni namba 301 cha Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi (OECD). Katika njia zake zinazopima oksijeni au kaboni dioksidi, kitu huhesabiwa kuwa chepesi kuoza kikifikia asilimia 60 ndani ya siku 28. Katika kipimo kingine cha zamani cha Ulaya kinachodumu siku 21, mafuta ya mimea kwa kawaida hufikia asilimia 70 hadi 100, na mafuta ya petroli asilimia 15 hadi 35 tu.

Sababu ya tofauti hiyo iko katika molekuli. Mafuta ya mimea yameundwa kwa gliseroli iliyoungana na asidi tatu za mafuta, na viumbe karibu vyote vina vimeng'enya vya kuvunja muungano huo, kwa kuwa ni chakula. Mafuta ya petroli ni mchanganyiko wa hidrokaboni, nyingi zikiwa na matawi na pete ambazo bakteria wachache tu huweza kuzivunja.

Aina

Mafuta ya mimea

Si kila mafuta ya mimea yanafaa kwa mnyororo. Baadhi hushika oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu kama rangi ya mbao. Tabia hiyo hukadiriwa kwa namba ya iodini, yaani gramu za iodini zinazoshikwa na gramu 100 za mafuta. Namba ikiwa chini ya 100 mafuta hayagandi kirahisi. Ikiwa kati ya 100 na 130 huganda polepole. Ikizidi hapo hukauka.

• Mafuta ya nyonyo (mbarika): namba 82 hadi 90. Karibu asilimia 90 ni asidi ya risinoleiki, inayoyapa mnato mkubwa na kuyafanya yashike vizuri kwenye chuma. Ndiyo mafuta ya mimea yanayofaa zaidi kulainisha. Hayachanganyiki vizuri na oili ya petroli, hivyo mnyororo husafishwa kwanza. Mbegu na mashudu yake yana sumu ya risini na hayapaswi kuachwa karibu na watoto au mifugo.

• Mafuta ya karanga: takriban 85 hadi 105. Ni mepesi, huingia vizuri kwenye pini, lakini huhitaji kurudiwa mara kwa mara.

• Mafuta ya mawese: 50 hadi 55. Hayagandi kwa hewa, lakini karibu nusu yake ni asidi zilizoshiba, hivyo huwa mazito asubuhi za baridi. Hupatikana zaidi mwambao wa Ziwa Tanganyika, hasa Mkoa wa Kigoma.

• Mafuta ya ufuta na ya pamba: kati ya 100 na 120. Yanafaa kwa muda mfupi tu.

• Mafuta ya alizeti: kwa kawaida 118 hadi 141. Hupatikana kwa wingi Katavi, lakini baada ya wiki chache huacha gundi ya rangi ya kahawia kwenye mnyororo.

• Mafuta ya mbono kaburi: karibu 100. Hayaliwi kwa kuwa yana sumu, hivyo hayagombanii nafasi na chakula. Lakini huhitaji uangalifu kwa anayeyashika.

• Mafuta ya kitani: 170 na zaidi. Hukauka kabisa na hayafai kwa kulainisha.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia chakula hayafai. Yana chumvi, mabaki ya chakula na asidi, na huganda upesi. Zaidi ya hayo huvuta sisimizi na panya.

Nta ya nyuki

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Misitu ya miombo ya Katavi na Tabora ni eneo la zamani la ufugaji wa nyuki, na Inyonga katika Wilaya ya Mlele inajulikana kwa asali yake, hivyo nta si kitu kigeni mkoani. Ikiwa peke yake ni ngumu mno, kwa hiyo huchanganywa na mafuta. Sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta ya nyonyo au karanga, kwa uzito, hutoa mchanganyiko mlaini unaofanana na marhamu. Huyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Haiwekwi juu ya moto moja kwa moja, kwa sababu nta ikipata moto mwingi hushika ndimi za moto.

Faida ya nta ni kwamba ikipoa haishiki vumbi kama mafuta yanavyoshika, hivyo hufaa kiangazi.

Vilainishi vya viwandani

Esta zinazotengenezwa kutokana na asidi za mafuta ya mimea huoza vizuri na hudumu zaidi kuliko mafuta ya kawaida, lakini bei yake ni kubwa. Kwa ajili ya baiskeli ziko bidhaa kama Green Oil ya Uingereza, inayotokana na mimea, na Squirt ya Afrika Kusini, ambayo ni nta iliyochanganywa na maji. Bidhaa hizo huuzwa zaidi katika maduka ya baiskeli za michezo mijini na nje ya nchi.

Matumizi

Kusafisha

Kilainishi kipya kikipakwa juu ya uchafu husukuma mchanga ndani ya pini. Kwanza mnyororo hufutwa kwa kitambaa kikavu huku pedeli zikizungushwa kinyumenyume, au mbele, gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa, ikiwa baiskeli ina breki ya kukanyagia nyuma. Kisha husuguliwa kwa brashi, sabuni na maji kidogo ya uvuguvugu, na kuachwa ukauke kabisa juani. Maji yakibaki ndani hufanya mafuta ya mimea yavunjike na kutoa asidi. Mchanga usitumike kusugulia.

Kupaka

Tone moja huwekwa juu ya kila rola, upande wa ndani wa sehemu ya chini ya mnyororo. Tone moja ni takriban mililita 0.05, kwa hiyo mnyororo wa pingili 110 huhitaji chini ya mililita 6, kiasi kinachozidi kidogo kijiko cha chai. Mnyororo huzungushwa kwa dakika moja au mbili, huachwa kwa saa kadhaa ikiwezekana usiku mzima, kisha mafuta yote ya nje hufutwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi, nayo ndiyo inayopunguza vumbi na udondokaji kuliko nyingine yoyote.

Mafuta yasifike kwenye ukingo wa gurudumu wala kwenye mpira wa breki.

Gololi na friwili

Gololi hufungwa ndani ya kikombe na huhitaji grisi, inayokaa miezi mingi. Mchanganyiko wa nta na mafuta ya nyonyo unaweza kutumika kwenye pedeli na usukani, lakini hukaguliwa mapema kuliko grisi ya dukani. Friwili hupewa matone machache ya mafuta mepesi, kwani mchanganyiko mzito hukwamisha meno yake ya ndani na pedeli zikazunguka bure. Gurudumu lenye breki ya ndani hupata joto kali wakati wa kuteremka, nalo halifai kwa nta wala mafuta ya mimea.

Kwa majira

Wakati wa kiangazi hutumika kiasi kidogo cha mafuta mepesi au mchanganyiko wa nta. Wakati wa masika mafuta ya nyonyo hufaa zaidi kwa sababu hayaoshwi upesi. Baada ya safari ya matopeni mnyororo hukaushwa na kupakwa tena siku hiyohiyo.

Kasoro na mipaka

Sifa inayoyafanya mafuta ya mimea yaoze ardhini ndiyo inayoyafanya yaharibike kwenye chupa na kwenye mnyororo. Mwanga, joto na kugusana na shaba au shaba nyeupe huharakisha kuchacha. Kwa hiyo huhifadhiwa katika chupa ya giza iliyofungwa, mahali penye kivuli, na hutengenezwa kidogokidogo.

Hudumu muda mfupi kuliko oili mpya ya petroli. Mwendeshaji anayepaka mara moja kwa miezi mitatu hataridhika nayo. Huhitaji uangalizi wa kila wiki au kila wiki mbili kwa baiskeli inayofanya kazi kila siku.

Bei ni kizuizi kingine. Mafuta ya kula yana thamani nyumbani, na si rahisi kumshawishi mtu ayapake kwenye mnyororo wakati oili chafu ni bure. Hesabu hubadilika pale gharama ya mnyororo na friwili inapojumuishwa, na pale inapozingatiwa kwamba kinachohitajika ni kijiko kimoja.

Kuwa ya mimea si sawa na kutokuwa na madhara kabisa. Mafuta ya mimea yakimwagwa kwa wingi majini hutanda na kunyonya oksijeni yanapooza. Vilevile mashamba ya michikichi yaliyofunguliwa kwa kukata misitu yameleta hasara kubwa katika nchi kadhaa za tropiki. Mara yakishatumika katika mnyororo, mafuta yoyote huwa na chembe za chuma, hivyo vitambaa vyake havitupwi mtoni.

Kwa asiyeweza kupata mafuta yanayofaa, kiasi kidogo cha oili mpya ya petroli kilichofutwa vizuri huleta madhara machache kuliko oili chafu inayomiminwa.

Taka na sheria

Nchini Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasimamiwa kwa sehemu kubwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Sheria hiyo inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Oili iliyotumika ni taka hatarishi. Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaiorodhesha katika kundi Y8.

Kwa upande wa Ziwa Tanganyika, mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hilo ulitiwa sahihi Dar es Salaam mwaka 2003 na nchi nne zinazolizunguka: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana nao ina makao yake Bujumbura.

Kwa fundi wa kijijini, hatua zinazowezekana bila gharama kubwa ni hizi:

• kufanyia kazi mbali na kisima, mto na njia ya maji ya mvua;
• kutandika gunia au kipande cha bati chini ya baiskeli ili kukinga matone;
• kuacha mafuta ya taa ya kuoshea yatulie katika kopo, kisha kutumia tena sehemu safi ya juu;
• kukusanya oili chafu katika dumu lenye mfuniko, isichanganywe na maji wala petroli, hadi ipatikane gereji inayoikabidhi kwa wakusanyaji wenye kibali;
• kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, badala ya petroli.

Tazama pia

• Baiskeli
• Mbarika
• Mkoa wa Katavi
• Msuguano
• Nta
• Ufugaji wa nyuki
• Uchafuzi wa maji
• Ziwa Rukwa
• Ziwa Tanganyika